Ndege Mbili, Matukio Mangapi? Kesi ya Bima ya World Trade Center

Ndugu Mwenyekiti, viongozi mlioko meza kuu, mawakala na madalali wa bima, mawakili wenzangu, na nyinyi wafanyabiashara mliofunga maduka mapema ili mfike hapa: itifaki imezingatiwa.

Niliombwa nizungumzie migogoro kati ya kampuni na watoa bima wao. Nimechagua kesi moja tu, nayo haikutokea kwetu. Ilisikilizwa katika mahakama ya shirikisho jijini New York, ikadumu tangu mwaka 2001 hadi 2007. Nimeichagua kwa sababu kila mtu humu ndani anajua siku iliyoizaa, lakini wachache wanajua wanasheria walichokuwa wakigombania. Walichogombania ni jambo ambalo wengi wetu tunalo kabatini sasa hivi, yaani kava noti, ile hati ya muda ya bima, ambayo mkataba wake kamili bado haujatoka.

Tarehe 24 Julai 2001, mfanyabiashara wa majengo Larry Silverstein, kupitia kampuni zake, alisaini mkataba wa kupanga World Trade Center kwa miaka 99. Mwenye mali alikuwa Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey. Thamani ya mkataba huo ilikuwa dola bilioni 3.2. Mpangaji wa aina hiyo haanzi biashara bila bima. Mwenye nyumba anaitaka, na waliomkopesha fedha wanaitaka zaidi. Nalisema hili mapema kwa sababu uvumi umezagaa, hata kwenye makundi yetu ya simu, kwamba bima ile ilikatwa kwa vile mtu alijua yajayo. Si kweli. Bima ilikatwa Julai kwa sababu upangaji ulianza Julai. Na bima nyingi za mali za wakati ule hazikuwa na kifungu cha kuondoa ugaidi. Vifungu hivyo vilienea baada ya mashambulizi, mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria ya bima ya ugaidi mwezi Novemba 2002. Aliyepata hasara ile naye hakustarehe. Majengo yameanguka, na kodi ya pango, takriban dola milioni 10 kwa mwezi, iliendelea kudaiwa.

Sasa tuingie kwenye karatasi zenyewe.

Hakuna kampuni moja ya bima inayoweza kubeba mzigo wa ukubwa ule peke yake. Dalali wa Silverstein, kampuni ya Willis, aliugawa mzigo matabaka matabaka na kuuza vipande vyake kwa kampuni zipatazo dazeni mbili. Swiss Re, kampuni kubwa ya Uswisi ya bima mtawanyo, yaani inayozikatia bima kampuni za bima zenyewe, ilichukua takriban asilimia 22 kupitia kampuni yake tanzu, SR International. Jumla ya bima ilikuwa takriban dola bilioni 3.5 kwa kila tukio. Naomba myashike maneno hayo matatu ya mwisho, kwa kuwa kesi nzima ilizunguka hapo.

Dalali alipokuwa akitafuta watoa bima, alituma faili lenye maelezo ya majengo pamoja na fomu ya mfano ya masharti, iliyotayarishwa na Willis wenyewe. Fomu hiyo iliitwa WilProp. Baadaye kampuni ya Travelers ilipokaribishwa, ikasema yenyewe inatumia fomu yake. Mazungumzo kuhusu mkataba wa mwisho yakaanza kuelekea kwenye fomu ya Travelers. Wakati huo kampuni nyingine zilikuwa zimeshakubali, na zimeshatoa hati za muda zenye kiasi, bei na maneno machache. Mkataba kamili wangekuja kuutoa. Hivyo ndivyo biashara ya bima inavyokwenda duniani kote, na mahakama haikuwalaumu kwa hilo. Mteja hawezi kusubiri miezi miwili bila kinga eti kwa sababu wanasheria wanabishana juu ya koma.

Ikafika Jumanne ya tarehe 11 Septemba, wiki saba kamili tangu mkataba wa upangaji usainiwe. Saa 2 na dakika 46 asubuhi ndege ya kwanza iligonga mnara wa kaskazini. Saa 3 na dakika 3 ndege ya pili ikagonga mnara wa kusini. Mnara wa kusini ukaanguka saa 3 na dakika 59, wa kaskazini saa 4 na dakika 28. Watu 2,753 walipoteza maisha pale New York. Mahakama ninayoizungumzia haikupima damu ya watu hao, na hakuna hakimu aliyejaribu. Ilipima majengo. Nalitaja hilo kwa heshima, kisha narudi kwenye majengo.

Siku hiyo, karibu kampuni zote zile zilikuwa hazijatoa mkataba kamili.

Silverstein akasema: ndege mbili, minara miwili, matukio mawili. Mara mbili ya bilioni 3.5 ni takriban bilioni 7. Watoa bima wakasema: kundi moja, mpango mmoja, asubuhi moja, tukio moja. Oktoba 2001, hata vifusi havijaisha kutolewa, kampuni ya Swiss Re ilikwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba deni ni la tukio moja. Kwa hiyo aliyefungua kesi ni mtoa bima, na kesi ikabeba jina lake: SR International dhidi ya World Trade Center Properties.

Mtaniuliza kwa nini mahakama ya shirikisho wakati mkataba wa bima ni jambo la sheria ya jimbo. Katiba ya Marekani inaruhusu mahakama za shirikisho kusikiliza kesi kati ya watu wa majimbo tofauti au wa nchi za nje, ili mgeni asihofie kuhukumiwa na mahakama za nyumbani kwa mpinzani wake. Lakini jaji wa shirikisho anayesikiliza kesi ya namna hiyo hatungi sheria yake mwenyewe. Anafuata sheria ya jimbo, na hapa ilikuwa ya New York. Nalipenda sana jambo hili katika mfumo wao, na nadhani lina mafunzo kwa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki siku tutakapokuwa na mizigo mikubwa ya bima inayovuka mipaka. Ila hilo ni la siku nyingine.

Fomu ya WilProp ilikuwa na tafsiri ya tukio. Nitawapa kwa Kiswahili chetu kadiri ninavyoweza: ni hasara zote zinazotokana, moja kwa moja au kwa njia nyingine, na sababu moja au na mfululizo mmoja wa sababu zinazofanana, hasara zote hizo zitajumlishwa na kuhesabiwa kuwa tukio moja, bila kujali zimechukua muda gani au zimeenea eneo gani. Isomeni tena kimoyomoyo. Ndege mbili zilizotekwa na kundi moja, asubuhi moja, na kurushwa kwenye minara pacha. Ni wakili gani atasimama aseme huo si mfululizo wa sababu zinazofanana? Jaji John Martin hakuona hata haja ya kuita mashahidi kwa kampuni tatu ambazo nyaraka zao zilionyesha wazi kwamba zilijifunga kwa fomu hiyo. Kwao aliamua papo hapo: tukio moja. Septemba 2003 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili, yaani mahakama ya rufani ya shirikisho inayosikiliza rufani za New York, ikamuunga mkono.

Fomu ya Travelers ilikuwa na maneno yaleyale, kwa kila tukio, lakini haikueleza tukio ni nini. Ikanyamaza. Na mkataba unaponyamaza, mahakama ya New York inarudi kwenye kesi za zamani. Iko ya mwaka 1959. Mkandarasi wa njia ya reli ya chini ya ardhi alijenga kuta za muda mbele ya majengo mawili yaliyopakana. Ikanyesha mvua kubwa. Ukuta wa jengo la kwanza ukabomoka, maji yakajaa chini. Baada ya dakika zipatazo 50, ukuta wa jengo la pili nao ukabomoka. Mvua ileile, mkandarasi yuleyule, lakini mahakama ikasema ni ajali mbili. Iko nyingine ya mwaka 1973: gari liligonga gari moja lililokuwa likija, likayumba, likagonga la pili mbele yake. Hapo mahakama ikasema ajali ni moja, kwa vile hakukuwa na mkatiko kati ya kugonga na kugonga.

Basi tuambiane. Dakika 17 kati ya ndege na ndege, ni za ukuta au ni za gari? Mahakama ya Rufani haikujibu. Ilisema swali hilo, mahali ambapo mkataba umenyamaza, watu wenye akili timamu wanaweza kulijibu kwa njia mbili, kwa hiyo lipelekwe kwa raia wa kawaida wanaoketi mahakamani kuamua ukweli. Naona huo ulikuwa uamuzi wa haki. Jaji hakuvaa kofia ya nabii.

Kwa hiyo vita ya kweli ikahamia kwenye swali jingine: kila kampuni, kwa wakati ilipotoa hati yake ya muda, ilikuwa imejifunga kwa fomu ipi? WilProp au Travelers? Mwaka 2004, mbele ya Jaji Michael Mukasey, ambaye mwaka 2007 aliteuliwa kuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, zikaletwa barua pepe, nukushi, kumbukumbu za simu na maelezo ya maofisa waliokuwa wakipokea maombi ya bima. Nani alituma faili lipi tarehe ngapi. Nani alijibu. Nani alikaa kimya, na kimya chake kilimaanisha nini. Watu waliozoea kukubaliana bima ya mamilioni kwa mistari miwili ya barua pepe, wakaulizwa kwa siku nzima walikuwa wanafikiria nini walipoandika mistari hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila kila mmoja alikuwa na kurasa zake.

Jopo la kwanza la raia hao lilimaliza kazi mwanzoni mwa Mei 2004. Kampuni nyingi, Swiss Re ikiwamo, zilionekana zimejifunga kwa WilProp. Kwao, tukio moja. Hilo lilikuwa pigo kubwa kwa Silverstein, kwani Swiss Re ndiyo iliyobeba kipande kikubwa kuliko wote. Desemba 2004 jopo la pili likasikiliza kuhusu kampuni tisa zilizokuwa upande wa ile fomu iliyonyamaza, Travelers na Allianz zikiwa miongoni mwao. Jopo likasema: kwa hizi, matukio ni mawili. Likawaongezea deni la takriban dola bilioni 1.1. Oktoba 2006 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu ya majopo yote mawili.

Mnaona kilichotokea. Asubuhi ileile, minara ileile, ndege zilezile. Kwa kampuni fulani kisheria lilikuwa tukio moja, kwa jirani yake yalikuwa mawili, na zote mbili zilihukumiwa sawasawa. Wapo wanaocheka jambo hili wakisema sheria ni mchezo. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Mahakama haikuulizwa nini kilitokea angani. Iliulizwa watu hawa waliahidiana nini, na waliahidiana mambo tofauti.

Fedha za mwisho zilikuja Mei 2007, baada ya Gavana wa New York wakati huo, Eliot Spitzer, kuingilia kati. Kampuni saba zilizokuwa bado zinavutana zikakubali kulipa dola bilioni 2, na jumla ya malipo ikafika takriban dola bilioni 4.55. Ni zaidi ya tukio moja, ni pungufu sana ya mawili. Miaka karibu sita ya mawakili ilipita kabla ya kufika hapo, na mahali pale pa ujenzi palikuwa bado shimo.

Sasa kuna jambo ambalo nataka madalali walisikie vizuri. Fomu ya WilProp, iliyomkosesha Silverstein mabilioni, haikuandikwa na watoa bima. Iliandikwa na dalali wake mwenyewe, kwa nia njema ya kumlinda mteja. Iweje?

Chukueni mfano wa ghala la hapa mjini. Mteja amekubali kwamba katika kila tukio, shilingi milioni 5 za mwanzo atazibeba yeye. Usiku mmoja wa masika upepo unang'oa mabati upande wa mashariki. Baada ya saa mbili maji yanaingia upande wa magharibi yanaloanisha mchele. Alfajiri ukuta wa nyuma unaanguka. Kama ni matukio matatu, mteja anakatwa milioni 15 kabla hajalipwa hata senti. Kama ni tukio moja, anakatwa milioni 5 tu. Kwa mteja huyu tafsiri pana ya tukio, ile ya kujumlisha kila kitu, ni rafiki. Madalali wengi wenye busara wanaipigania, na ndiyo maana Willis waliiweka. Hasara za kila siku ni ndogo na ni nyingi, na tafsiri pana inamfaa mteja mwaka baada ya mwaka.

Inamgeuka siku hasara inapovuka kiwango cha juu cha bima. Hapo mteja angependa matukio yawe mengi, kwa sababu kila tukio linafungua kiwango kipya. Kifungu kimoja kinavuta pande mbili, na huwezi kukipenda siku ya mvua ukakikana siku ya moto. Mteja anapaswa kuelezwa hivyo kabla hajasaini, tena kwa hesabu ya ghala lake mwenyewe. Kumwambia tu kwamba fomu yetu ni nzuri hakutoshi. Na palipo na mali kubwa mahali pamoja, mazungumzo yaanzie kwenye kiwango cha juu. Minara ile miwili, ikianguka yote, isingejengeka upya kwa bilioni 3.5, na aliyekuwa na kalamu na karatasi angeweza kulijua hilo Julai.

Wengine wanafikiri haya ni ya New York. Ndugu zangu, tarehe 7 Agosti 1998, kwenye saa 4 na nusu asubuhi, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakiachana kwa dakika chache tu. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Tunaikumbuka wote. Watu wanne walitiwa hatiani kwa mashambulizi hayo Mei 2001 katika mahakama ya shirikisho ileile ya Manhattan, wakahukumiwa kifungo cha maisha Oktoba 2001, mwezi uleule ambao Swiss Re ilifungua kesi yake ya bima.

Sasa tuchukue, kwa mfano tu, kampuni moja yenye ofisi jirani na balozi zote mbili, na bima moja inayozifunika ofisi hizo. Ni tukio moja au mawili? Kwa maneno ya WilProp, bila kujali eneo, ni moja. Kwa kipimo cha kuta za New York, ni mawili bila shaka. Na kwa mahakama zetu, ambazo bado zinasoma sana hukumu za London? Majaji wa London hutazama mambo manne: wakati, mahali, sababu na nia ya waliotenda. Majeshi ya Iraki yalipovamia uwanja wa ndege wa Kuwait mwaka 1990 yakachukua ndege 15 za shirika la nchi hiyo, Mahakama ya Biashara ya London iliamua mwaka 1996 kwamba ni tukio moja, kwa kuwa ndege zote zilichukuliwa kwa uvamizi mmoja kwenye uwanja mmoja. Nairobi na Dar es Salaam zina wakati mmoja, sababu moja, nia moja, lakini miji miwili katika nchi mbili. Mimi ningesema ni matukio mawili. Wakili aliyeketi mstari wa pili hapo anatikisa kichwa, na hiyo inatosha kunithibitishia kwamba kifungu hicho hakifai kuachwa wazi.

Kinachoniumiza ni kwamba tunaviacha wazi kila siku. Nimeona kava noti iliyohuishwa mara tatu, mteja analipa ada bila kuchelewa, na mkataba kamili haujafika dukani kwake. Nimeona nyingine ambayo imeandikwa tu kwamba masharti ni yale ya kawaida ya kampuni. Ya kawaida ya mwaka gani? Ya toleo gani? Mama mwenye duka la vitenge hajawahi kuyaona, na ukweli ni kwamba aliyemuuzia naye hajayasoma. Silverstein alikuwa na mawakili wa kupambana miaka sita. Mama wa vitenge ana wiki sita, kisha mkopo wa benki unamlaza chini.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, nina pendekezo, na naomba liingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano huu. Kila kava noti itakayotolewa na mwanachama wa chama hiki itaje kwa jina na tarehe fomu ya masharti inayotumika, na fomu hiyo iambatishwe. Kama fomu inabadilishwa katikati ya mazungumzo, kama ilivyotokea Travelers ilipoingia, dalali aandikie kila mtoa bima na apokee jibu la maandishi, ndiyo au hapana, wala kimya kisihesabiwe jibu. Na pawepo ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaomwonyesha mteja, kwa tarakimu zake mwenyewe, tafsiri ya tukio itamgharimu kiasi gani kwa hasara ndogo na kiasi gani kwa hasara kubwa.

Rasimu ya ukurasa huo nimeiacha kwa katibu. Naomba mnaouza bima za moto na za mizigo muisome leo kabla hamjaondoka, mchore mistari palipo na kasoro, maana nyinyi ndio mtakaoitumia. Niko tayari kwa maswali, nikianza na yule wakili wa mstari wa pili.